Sinema ya Rufiji Iliyopigwa Pasipo Rufiji

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mliohudhuria usiku wa sinema katika ghala letu, baada ya msimu wa kuchuma kwisha, mmetutaka tueleze katika jarida hili mambo mawili. La kwanza, ile picha ilikuwa nini hasa, na hadithi yake ni ya kweli au ya kutunga. La pili, kwa nini sisi wa ofisini tuliitangaza kuwa ni "sinema ya Rufiji", na waliowahi kwenda Rufiji wasiione Rufiji ndani yake. Maswali yote mawili ni ya haki. La pili lina lawama, nayo tunaipokea. Tutaeleza kwa utaratibu.

Picha ile inaitwa Shout at the Devil, maana yake "Mpigie Ukelele Shetani". Ilitolewa Uingereza mwaka 1976. Imetokana na kitabu cha jina hilo hilo cha Wilbur Smith kilichochapishwa mwaka 1968. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1933 katika Northern Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zambia, akafariki mwaka 2021. Mwongozaji wa picha alikuwa Peter Hunt. Wachezaji wakubwa ni Lee Marvin wa Marekani na Roger Moore wa Uingereza, yule ambaye wakati huo alikuwa amekwisha jipatia jina kwa kucheza kama jasusi James Bond.

Kwa wale ambao hawakufika, hadithi yenyewe ni hii. Mambo yanaanzia hapa hapa Unguja, mwaka 1913. Mlevi mmoja mjanja, mwindaji wa pembe za ndovu, anamlaghai kijana wa Kiingereza aliyekuwa safarini, akamtia katika biashara yake ya kuvuka kwenda nchi iliyokuwa ya Wajarumani na kuiba pembe huko. Afisa mmoja wa Kijarumani, mnene na katili, anawawinda. Kijana anamwoa binti wa yule mwindaji, wanapata mtoto wa kike. Vita vya 1914 vinapoanza, nyumba yao inashambuliwa na mtoto anauawa. Hapo mzaha wote wa mwanzo unageuka kuwa kisasi. Waingereza wanawatuma kuitafuta manowari ya Kijarumani, iitwayo Blücher katika picha, iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji ikingoja kutengenezwa, na mwisho wanaiangamiza kwa bomu lililofichwa ndani yake.

Ilipotoka, picha hii ilipokewa kwa namna mbalimbali. Wako walioifurahia kwa vituko vyake. Wako walioona kuwa ni ndefu kupita kiasi, na kwamba haikujua inataka kuchekesha au kuliza. Ni kweli kwamba inapita saa mbili, na katika nchi nyingine iliwahi kukatwa ikaonyeshwa fupi. Haikuingia katika daraja ya zile picha zinazojulikana na kila mtu, kama The African Queen ya mwaka 1951, nayo ni hadithi ya meli ya Kijarumani ya wakati wa vita hivyo hivyo. Lakini haikufa. Wapo mpaka leo watu wanaoipenda kwa dhati, wanaoitafuta na kuijadili, wakisema kwamba siku hizi picha za namna ile hazipigwi tena. Kwao Rufiji ni jina zuri la mbali. Kwetu sisi Rufiji ni boriti zilizobeba dari za nyumba zetu.

Hapo ndipo penye shauri.

Usiku ule vijana walikaa mbele na wazee nyuma. Vijana walipiga makofi kila ndege iliporuka na kila bunduki ilipolia, wala hatuwalaumu, kwani picha imetengenezwa ili watu wapige makofi. Lakini walikuwapo wazee watatu au wanne waliokuja kwa sababu ya tangazo letu tu. Mmoja wao, aliyekuwa baharia wa jahazi ujanani mwake na aliyekwenda Rufiji misimu mingi kuchukua boriti, alikuja na mjukuu wake kumshika mkono. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akaomba kiti cha karibu.

Meli ilipoanza kuingia mtoni, mzee alisogea mbele. Akatazama. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mlima gani huo? Rufiji haina milima mlangoni. Rufiji ukiitazama kutoka baharini huoni kitu ila mikoko, na usipokuwa na rubani mwenyeji utalala juu ya fungu mpaka maji ya bamvua yaje kukuokoa."

Vijana walicheka. Naye alicheka pia, kisha akanyamaza. Picha ilipokwisha alitujia, akatuambia kwamba anataka kusema kidogo juu ya mlango wa Simba Uranga, na namna walivyopanda ndani kwa maji kujaa, na jinsi ya kuupambanua msinzi na mkandaa kwa ganda lake. Saa zilikuwa zimekwenda na mafuta ya mashine ya umeme yalikuwa yanakwisha. Tulimwambia, "Inshallah, mzee, wiki ijayo tutakuja nyumbani kwako na daftari." Wiki ile tulikuwa na hesabu za magunia. Wiki ya pili tulikwenda, lakini tulikwenda kuzika.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu lawama tuliyoitaja pale mwanzo si ya tangazo peke yake.

Sasa tuje kwenye ukweli wa hadithi, maana upo, na una nguvu kuliko picha.

Manowari yenyewe haikuitwa Blücher bali Königsberg. Ilifika Dar es Salaam mwaka 1914, kabla ya vita, na watu wa pwani waliipa jina lao: "Manowari na bomba tatu", kwa sababu ya zile bomba zake tatu za moshi. Vita vilipoanza ilitoka baharini, na tarehe 6 Agosti 1914 iliikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, upande wa bahari ya Uarabuni. Kisha, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ilitokea mbele ya bandari ya Unguja. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya mwenzake, na kwa muda mfupi Pegasus ikapigwa ikazama. Walikufa watu zaidi ya 30. Makaburi ya mabaharia wake yako mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji. Wanachama wengi wamepita karibu nayo kwa mashua bila ya kujua kwamba hapo ndipo hadithi ya Rufiji inapoanzia.

Baada ya hapo mitambo ya Königsberg yenyewe iliharibika, ikarudi kujificha ndani ya delta. Vyombo vya tanuri zake vilitolewa, vikaburutwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Walioburuta walikuwa Waafrika kwa maelfu, kwa kamba na magogo, katika jua na matope. Mwisho wa Oktoba 1914 Waingereza waligundua meli iko wapi. Mwezi wa Novemba walizamisha meli yao kuukuu, Newbridge, katika mlango mmoja ili kuufunga. Januari 1915 waliiteka Mafia, wakaifanya kituo chao na cha ndege zao. Mwindaji wa pembe aitwaye Pretorius, Kaburu aliyeijua nchi ile, aliingia katika mikoko kupeleleza. Kisha zikaletwa kutoka Malta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zenye kuweza kupita mitoni. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai, ndege ikiwaonyesha wapigaji mahali risasi zinapoangukia. Meli ilivunjika, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe na watu wake wenyewe.

Lakini kazi ya wabebaji haikwisha. Mizinga yote 10 mikubwa iliopolewa majini, ikatiwa magurudumu na kuvutwa nchi nzima kupigana vita vya bara. Mmoja ulifika mpaka Ziwa Tanganyika ukatiwa katika meli ya Kijarumani Graf von Götzen, ile ile iliyokuja kuitwa Liemba. Mmoja uko Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Anayetaka kujua ni wangapi waliovuta mizinga ile na vifaa vya vita vya pande zote mbili, na akumbuke kwamba soko kubwa la Dar es Salaam linaitwa Kariakoo kwa sababu ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kilichokaa pale. Jina la kikosi limebaki, majina ya watu yamekwenda.

Jambo jingine picha haikuligusa kabisa. Miaka minane tu kabla ya mwaka ambao hadithi inaanza, tarehe 4 Agosti 1905, Wajarumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale hapo Mohoro, kusini ya delta, na vita vya Maji Maji vikaenea mpaka mwaka 1907. Watu wengi mno walikufa, wengine kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa iliyofuata. Kwa hiyo mwaka 1913 hapakuwa na mtu mzima katika nchi ile asiyemjua Mjarumani wala asiyekuwa na la kusema juu yake. Ndugu yetu Ebrahim Hussein alipoandika mchezo wake Kinjeketile, uliochapishwa mwaka 1969, aliwapa watu wale vinywa. Picha hii, iliyotoka miaka saba baadaye, iliwapa mizigo tu.

Tena tazameni, wanachama, ni nani aliyewekwa kuwa mtu wetu katika picha. Ni mtumishi wa yule mwindaji, Mwislamu, jina lake Mohammed. Mtu huyu ni bubu. Yuko katika hadithi muda mrefu lakini hasemi neno. Na aliyemcheza ni Mwingereza, Ian Holm, mchezaji hodari na wa heshima, aliyepakwa rangi. Hatusemi kwamba watengenezaji walikaa kikao wakaamua kutudharau. Twasema kwamba walipotafuta sauti za hadithi hii, haikuwapitikia kwamba ya kwetu inahitajiwa.

Na kwa habari ya ule mlima alioutilia shaka marehemu mzee wetu, alikuwa na haki. Picha haikupigwa Rufiji. Ilipigwa sehemu kubwa Port St Johns, katika Transkei, Afrika Kusini, ambako mto Mzimvubu hupita kati ya milima mirefu miwili ndipo ukaingia baharini. Sehemu nyingine zilipigwa Malta. Ilipigwa basi katika nchi iliyokuwa chini ya Makaburu na sheria zao za ubaguzi, na ikatoka mwaka ule ule ambao watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi, tarehe 16 Juni 1976. Wakati huo Tanzania ilikuwa mwenyeji wa wapigania uhuru. Mzee wa macho mapungufu alitambua kwa mlima mmoja kile ambacho sisi, wenye kusoma matangazo, hatukukitambua.

Baada ya mazishi jambo hili halikututoka. Ikawa tuna safari ya kwenda Kibiti kuzungumza na wakulima wa korosho juu ya mambo ya ghala na mizani, nasi tukachukua ile picha katika kompyuta ndogo. Tulifuata barabara ya Kilwa mpaka Kibiti, tukamaliza kazi iliyotupeleka, kisha tukashuka pwani mpaka Nyamisati, bandari ndogo ambako maboti ya Mafia huondokea. Wilaya ya Kibiti ilipotengwa na Rufiji miaka ya karibuni, sehemu kubwa ya delta iliingia upande wake, basi hao ndio wenyewe khasa. Mikoko ya hapo ndiyo mingi kuliko mahali popote pengine pa pwani ya Afrika Mashariki. Inakadiriwa kuwa kiasi cha hekta 53,000.

Tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri, wazee wa kiume na wa kike na watoto waliojipenyeza, tukawaonyesha vipande vitatu. Hawakukasirika kama tulivyokasirika sisi. Walitazama kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayeeleza habari za nyumba ya mwenyeji wake. Watoto walifurahia ndege. Mzee mmoja akauliza mikoko iko wapi. Mwingine akasema babu yake alikuwa akihesabu miaka yake tangu "mwaka wa manowari", na kwamba alisimuliwa habari ya kuburuta vyuma hata mtu akalala akiwa bado ameshika kamba.

Kisha bibi mmoja, aliyekuwa kimya muda wote huku akisuka ukili, akaonyesha kwa kidole yule Mohammed akauliza, "Huyu kwao wapi? Hana mama?"

Tukamjibu kwamba picha haikueleza.

Akasema, "Basi hawakumuuliza," akaendelea na ukili wake.

Tumezungumza na wanachama wengi juu ya picha hii, na tumesikia wahakiki wa mbali walisema nini, lakini hatujasikia hukumu iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Sasa, mwanachama mmoja ametuandikia kutaka picha hii isionyeshwe tena katika ghala la Chama, kwa kuwa inatudhalilisha. Twamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Karafuu zikishuka mtini hatuzitupi kwa sababu zina makonyo. Tunakaa chini tukachambua. Vijana wetu na waione, na waone pia uhodari uliomo, maana upo. Lakini aonyeshaye na asimame kwanza awaambie: mlima huu si wa Rufiji, meli hii iliitwa Königsberg, bubu huyu hakuwa bubu. Mtu akijua hayo, picha haiwezi kumdhuru, bali humpa hamu ya kuuliza. Kosa letu la usiku ule halikuwa kuonyesha. Lilikuwa kuonyesha bila ya kusema, halafu kumwahirisha aliyekuwa na la kusema.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Watu wa Rufiji hawakuwapo hadithi yao ilipotengenezwa, na lao halikuwapo. Lakini ni rahisi kumlaumu mtu wa London na mwenye kamera. Sisi tulikuwapo, mzee alikuwapo, kalamu ilikuwapo mfukoni. Nani wa kulaumiwa hapo?

Kwa sababu hiyo ofisi imefungua daftari maalumu. Kila mwanachama mwenye mzee nyumbani aliyesafiri Rufiji kuchukua boriti, au aliyesimuliwa na wakubwa wake habari za vita vile, za Pegasus, za wapagazi, au za mizigo ya jahazi, twamwomba atuletee habari. Akiweza kuandika mwenyewe, vyema. Asipoweza, atume mtoto kutuita, nasi tutakwenda siku hiyo hiyo, hata kama ni wakati wa kupima karafuu. Tutaandika kama anavyosema, kwa maneno yake, na tutamsomea kabla ya kufunga daftari. Nakala moja tutawapelekea wenzetu wa Nyamisati, nao wameahidi kuandika ya kwao.

Ukurasa wa kwanza wa daftari tumeuacha mtupu, na juu yake tumeandika jina la yule baharia. Mjukuu wake ametuambia kwamba anakumbuka kidogo kidogo aliyoyasikia, na kwamba atakuja Ijumaa baada ya sala. Safari hii tutakuwa tunamngoja mlangoni.

Wabillahi tawfiq.

Katibu